Nduna wa Barafuni

Mwanangu Osmund,

Sina haja ya kukuuliza hali wala kukuarifu kwamba sisi huku hatujambo, maana huku ni hapa hapa, ukuta mmoja tu kati yetu, nami nakusikia unavyolihangaikia lile begi lako. Ningeweza kugonga mlango, nikakaa kitandani pako, nikayasema haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu juzi. Kila nikianza unaniuliza nani wamesajiliwa msimu huu, nami kama kawaida yangu naingia kwenye habari za usajili na kusahau kilichonileta. Kwa hiyo nimekaa hapa mezani na kalamu, kama watu wa zamani.

Mambo ya koti zito, ya kupiga simu kila Jumapili na ya kutojaza tumbo kwa chipsi, mama yako amekwisha kuyasema, na kwa jinsi alivyoyasema hakuna wa kuongeza. Misa utakwenda au hutakwenda, utajua mwenyewe na Mungu wako. Mimi nina jambo moja tu, nalo limeninyima raha tangu kocha wa kule kaskazini unakokwenda alipotupigia simu.

Unakumbuka tuliiweka simu katikati ya meza ili sote tumsikie. Alisema vizuri, mtu mwenye adabu zake. Alisema timu yake ina vijana wepesi wanaojua kufunga, lakini ni wadogo wa miili, wanaonewa, na anatafuta kijana mkubwa wa kuwaangalia. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kuwaangalia. Wewe ukatabasamu. Mimi nikatabasamu. Mama yako akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa. Hakuna kati yetu watatu ambaye hakuelewa. Hawakuchukui kwa ajili ya mabao. Wanakuchukua ili kocha akikugusa bega uingie, uvue glovu, upigane, na wenzako wapate kucheza kwa amani. Na mtu aliyekufundisha kwamba hiyo ni kazi ya heshima ni mimi baba yako.

Sikuzaliwa na mapenzi ya hoki, unajua. Nilipofika nchi hii nilijua ile ya magongo ya kwenye nyasi, waliyokuwa wakicheza Singasinga kule kwetu mjini, na nilipoambiwa kuna ya barafuni, tena Texas, ambako mtu anavaa kaptula mpaka Novemba, nilidhani wananichezea. Kisha timu kubwa ya Dallas ikachukua kombe. Pale ghalani nilipokuwa nikifanya kazi niliona wanaume wazima wenye ndevu wakilia mbele ya redio. Tiketi za timu ile hazikuwa za watu wa aina yetu, lakini hapa Fort Worth nasi tulikuwa na timu yetu ndogo, ya ligi ya chini, na msimamizi wa ghala alikuwa akizigawa bure tiketi zilizobaki. Mimi na cha bure mnatujua.

Ila sababu ya kukuchukua na wewe ilikuwa nyingine, na huenda umeisahau. Ulikuwa na miaka tisa hivi. Tulisimama kituo cha mafuta, barabara ya kwenda Arlington. Jamaa mmoja akarudisha gari lake nyuma bila kutazama, akagonga bampa letu, akashuka na kuanza kunifokea mimi, kwamba nimesimama vibaya, kwamba watu kama mimi hatujui kuendesha. Nikamwambia samahani. Nikamwambia tena. Nikainama kulikagua gari lake kama limeumia, wakati langu ndilo lililobonyea. Tulipoingia barabarani ukaniuliza, "Baba, mbona umesema sorry na ni yeye ametugonga?"

Sikukujibu. Ningekuambia nini? Kwamba mgeni akipandisha sauti hapa hajui itaishia wapi? Kwamba nilikuwa nimemeza matusi ghalani, nimemeza madukani, nimemeza kwenye madirisha ya ofisi za uhamiaji, mpaka kumeza kukawa ndiyo tabia yangu? Kwetu wanasema mnyonge hana haki, lakini hilo si neno la kumwambia mtoto wa miaka tisa akiwa amefunga mkanda kiti cha nyuma. Mwisho wa wiki nikakupeleka uwanjani.

Huko ndiko tulikomwona Nduna. Jina lake la kwao liache lipumzike. Sisi ndio tuliompa la Nduna, jina ambalo wazee wetu Wangoni walimwita jemadari wa vita. Kijana wa Kanada, mkubwa kama kabati, pua imepinda, na kwa kuteleza hakuwa hodari. Wewe leo unamwacha mbali. Karibu kipindi chote cha kwanza alikaa benchi akitafuna kitu. Kisha mpinzani mmoja akamsukumia ukutani yule mfungaji wetu mdogo, kwa nyuma, vibaya sana. Kocha akamgusa Nduna bega. Akaingia, akamfuata yule mtu moja kwa moja bila kuangalia kile kisahani cheusi kinachogombewa kiko wapi. Wakavua glovu. Marefa wakasogea pembeni wakawaacha, na wale wawili wakapigana mbele ya kila mtu, kwa ruhusa.

Nilisimama. Mimi niliyesema samahani kituo cha mafuta nilikuwa juu ya kiti, nikipiga kelele kwa Kingoni, lugha ambayo mama yako hajawahi kunisikia nikiitumia ila nikiwa na homa. Ulinitazama umepigwa na butwaa, kisha na wewe ukapanda juu ya kiti chako. Nadhani siku ile uliona umempata baba uliyekuwa ukimtafuta. Nami nikajiona hivyo hivyo, nisikufiche.

Njiani kurudi uliniuliza kama wale watu wanachukiana, na hapo nikafanya kosa ambalo Mmarekani asingelifanya. Nilikuambia wale ni watani.

Tena nilikueleza kwa raha zangu. Nikakuambia Wangoni na Wahehe walipigana vita enzi za mababu mpaka pande zote zikachoka, na vita ile ikageuka utani, ndiyo maana anko wako Kihwele, Mhehe wa Sugar Land kule Houston, akipitisha lori lake huku haombi ruhusa. Anafungua friji, anakula nyama yangu, anavaa kofia yangu na kuondoka nayo mpaka Houston, na mbele ya wageni anasema Wangoni walikimbia kutoka kwa Wazulu na walisimama Songea kwa kuishiwa pumzi tu. Mimi siruhusiwi kukasirika. Nikakuambia na hawa wa barafuni ni hivyo hivyo: wanapigana, refa akiingia wanaachana, mmoja anampiga mwenzake kofi la mgongoni, kila mtu anakwenda kukaa kwenye kibanda chake cha adhabu na yamekwisha. Ulielewa upesi, maana utani uliujua tangu unatambaa.

Nilimpeleka Kihwele mwenyewe uwanjani siku moja, nikitaka aone watani wa Kizungu. Alitazama pambano zima bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni dalili ya ugonjwa. Nikamuuliza kama hakufurahi. Akasema anasubiri kuona nani atampikia mwenzake. Tulicheka, mimi na wewe, tukadhani ni maneno yake ya siku zote.

Sasa nikuambie habari ya msimu wa mwisho wa Nduna, ambao tuliuona wote wawili, tumekaa bega kwa bega, na sidhani kama tuliuona kweli. Ulianza vibaya, unakumbuka. Oktoba ilikuwa na joto, barafu ikawa laini, tulifungwa hata na timu ambazo hatukuwa tukizihesabu. Viti vilikuwa vitupu mpaka tukawa tunasikia wachezaji wakitukanana. Halafu kuelekea Krismasi mambo yakageuka. Yule mfungaji wetu mdogo akaanza kucheza kama mtu aliyefunguliwa kamba, na sababu tuliijua, hakuna aliyethubutu kumgusa. Kila aliyemgusa alimwona Nduna anakuja. Karibu kila mechi alipigana, na akipita kuingia vyumbani tulimwona mikono yake imevimba kama maandazi, nawe ukanyoosha mkono wako mdogo juu ya ukuta akakugusa kwa ile mikono. Hukutaka kuunawa.

Kulikuwa na ishara. Nikizikumbuka sasa naona zilikuwa zimejipanga mbele ya macho yetu. Alianza kupigana kabla ya kuguswa bega. Alianza kuchelewa kugeuka. Mara moja alitoka kwenye kibanda cha adhabu akaelekea benchi la wapinzani, akataka kukaa nao, mpaka mmoja wao akamgeuza kwa upole kumwonyesha upande wake. Uwanja mzima ulicheka. Wewe ulicheka mpaka soda ikakutoka puani, nami nikakupigapiga mgongo huku nacheka.

Halafu ile siku akaanguka. Ngumi yenyewe haikuwa kubwa. Ila helmeti ilikuwa imeshatoka, na alikwenda chini chali, na kisogo kikafika kwenye barafu kabla ya kitu kingine chochote. Ule mlio ulifika mpaka kwenye safu yetu ya juu. Walimbeba, tukasimama kumpigia makofi kama ilivyo desturi yao, na mchezo ukaendelea, na tukashinda. Ndani ya gari tuliongea habari ya bao la mwisho. Nimejaribu sana kukumbuka kama mmoja wetu alimtaja, na sikumbuki.

Wiki haijaisha wakaleta jitu lingine, na mechi ya pili tu wewe ukawa umempa jina, Nduna Mdogo. Timu ikaingia mtoano, ikatolewa raundi ya pili, na tukahuzunika nyumba nzima. Nilikuwa sili vizuri. Mama yako alituuliza tumefiwa na nani.

Wakati wa joto ule ndipo nilipoacha ghala nikaanza kuendesha vani ya kupeleka wagonjwa kliniki. Asubuhi moja ya Julai nilitumwa kwenye fleti fulani kumchukua mtu wa kwenda kwa daktari wa kichwa. Akatoka mwanaume mkubwa, kofia imeshuka, miwani myeusi, anapapasa ukuta kwa mkono mmoja. Nilimtambua kwa pua. Aliniomba kwa adabu nizime redio. Tulipofika barabara kuu akaniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia. Tukapita madaraja mawili matatu, akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza.

Mtu mwenye busara angemwendesha kimya. Lakini mimi ni shabiki, na shabiki hana busara. Nilimwambia namjua. Nilimwambia nina mtoto, tunakuja kila mechi, tumempa jina kwa lugha ya kwetu. Akafurahi, Osi. Akavua miwani. Basi nikazidi kunoga, nikamsimulia lile pambano la kwanza tuliloliona, alivyomfuata yule mtu, alivyomshika jezi, ngumi moja baada ya nyingine. Alikuwa ananisikiliza kama mtu anayepewa habari za ndugu yake aliye mbali. Nilipomaliza akaniuliza, "Nilishinda?"

Nikamwambia alishinda. Akasema vizuri. Nilimuuliza kama wenzake wa timu wanakuja kumwona, akasema wako bize, si unajua ni katikati ya msimu. Ilikuwa Julai, jua la kutoboa utosi, hakuna hoki mahali popote. Mlangoni mwa kliniki nilimshika kiwiko ashuke, na akiwa amesimama pale ukingoni akanigeukia na kuniuliza tena kama alishinda.

Jioni nilikuja nikakusimulia, na nilikusimulia nusu. Nilikuambia, hutajua leo nani amepanda gari langu. Nilikuambia alivyofurahi kusikia jina lake. Uliruka ruka, ukataka kujua ana nguvu kama zamani, nikasema ndiyo, bado ni jitu. Sikukuambia aliuliza mara mbili kama alishinda. Nilijiambia wewe ni mtoto, usivunjwe moyo. Leo najua moyo niliokuwa nikiulinda ulikuwa wangu.

Kihwele ndiye niliyemwambia yote, kwenye simu.

Kabla sijakuambia alichosema, nikukumbushe msiba wa bibi yako. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani picha zake unazo kichwani. Mama yangu alifariki Songea nami nikashindwa kwenda kumzika, kwa kuwa makaratasi yetu yalikuwa bado, na ningetoka nisingerudi. Fleti yetu ilijaa watu wamekaa chini, hakuna wa kusema kitu. Kihwele akaendesha kutoka Houston, akafika na gunia la mchele begani. Akajifunga kitenge cha mama yako kichwani, akashika kiuno, akawa bibi yako ambaye hakuwahi kumwona. Akaanza kuwaamrisha waombolezaji, akanigombeza kwa sauti ya kike kwamba nimenenepa kwa kula chakula cha Wazungu na kumsahau mama. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nililia kwa mara ya kwanza tangu simu ilipokuja. Kisha akaingia jikoni, akapika, akapakua, akaosha masufuria yote, na hakuondoka mpaka tulipoweza kukaa wenyewe.

Basi kwenye ile simu aliniambia, "Bwana Komba, umemdanganya mtoto. Mtani wako anakutukana ukiwa hai kwa sababu siku ukianguka yeye ndiye wa kukuzika. Hiyo ndiyo bei yake. Huyo kijana ameanguka, nani amekwenda kumpikia? Yule aliyempiga? Wale aliokuwa anawapigania? Wewe uliyekuwa unapiga makofi?"

Jumamosi iliyofuata alikuja, akapika pilau sufuria kubwa kabisa, tukaifunga kwa taulo, tukaenda mpaka kwenye ile fleti. Tulikuta dirisha halina pazia na ndani watu wanapaka rangi. Jirani akasema mama yake alikuja kumchukua kumrudisha kwao Kanada. Tulikula ile pilau nyumbani, na wewe ulikula sahani mbili na kuuliza sherehe ni ya nini.

Ungedhani baada ya hapo nilibadilika. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, na hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo nisome vizuri.

Miaka kama miwili baadaye timu yako ya watoto ilikwenda kwenye mashindano Houston. Tulilala kwa Kihwele, akatusindikiza uwanjani. Ulikuwa umeshaota mabega, unacheza nyuma, unacheza vizuri kwa utaratibu wako. Kwenye mechi ya pili kijana mmoja alimpiga gongo yule rafiki yako mdogo mwenye miwani, akaanguka ameshika uso. Ukatupa glovu. Hakuna kocha aliyekugusa bega, ulijituma mwenyewe. Ukamshika yule kijana kola na kumpiga, na mimi, Osmund, mimi niliyemshika Nduna kiwiko, niliyesikia lile swali mara mbili kwa masikio yangu, nilikuwa nimeshasimama juu ya benchi kabla hujarusha ya pili. Nilipiga kelele, Nduna! Nduna! Kihwele alinivuta shati, nikamsukuma.

Nawe ukainua kichwa. Refa amekushika, damu ya yule mtoto iko kwenye jezi yako, na wewe ukawa unatafuta kwenye viti, safu kwa safu, mpaka ukaniona. Ulivyoniona ukatabasamu.

Ulifungiwa mechi kadhaa. Mama yako alikununia wewe siku mbili na mimi mwezi mzima, na alikuwa na haki, maana alisema wewe ni mtoto na mimi ni mzee mpumbavu. Mimi nilijidai kukugombeza. Nilikukalisha sebuleni nikakuambia ugomvi si mzuri, na huku nakwambia nilikuwa natabasamu, na ulikuwa unaniona natabasamu. Mtoto huangalia uso, maneno anayaacha yapite. Tangu siku ile kila kocha uliyepita kwake alikuona wa kazi hiyo, na wewe hukukataa, na mimi kila mara nilikuja, nikakaa, na nikasimama.

Nimejiuliza nini kinachoniinua. Nadhani bado niko pale kituo cha mafuta. Kila ukirusha ngumi, yule jamaa wa bampa anaipata. Nimekufanya ulipize matusi yangu, mengine ya kabla hujazaliwa, kwa watoto wa watu ambao hawakunikosea kitu. Hilo nimelijua mwaka huu tu, na ni aibu kulijua mwanao akiwa anafunga begi. Na yule mtu wa bampa hata hanikumbuki.

Jana mchana, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, nilimpigia simu kocha wa kule. Usikasirike. Nilimwambia kwa Kiingereza changu hiki kwamba mwanangu anajua kucheza, na ningependa apewe nafasi kama wengine, asiwekwe kwa ajili ya ngumi tu. Hakuudhika. Alisema kwake hakuna anayelazimishwa kupigana. Kisha akaniambia jambo nisilolijua, kwamba mlipoongea kwa simu wawili tu alikuuliza katika mchezo huu unapenda nini zaidi, nawe ukamjibu, kupigana. Nilimshukuru nikakata simu.

Tangu hapo nimeshindwa kufanya kazi yoyote ya maana. Sina haki ya kukuambia hupendi kitu unachosema unakipenda, umeshakuwa mtu mzima karibu kunizidi. Lakini Houston nilikuwapo. Ulipomshika yule kijana kola nilikuona uso. Ulikuwa na hofu, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Furaha ilikuja baadaye, ulipoinua kichwa ukanikuta nimesimama. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu haraka, nijibu hata baada ya mwaka mzima. Unapenda kupigana, Osi, au unapenda jinsi nilivyokutazama siku ile?

Kama ni kupigana, nenda. Nitaogopa, mama yako ataogopa zaidi, na ukiumia tutakuja huko huko kwenye theluji tukupikie, Kihwele amekwisha kusema lori analo. Usingoje mpaka usahau njia ndipo uturudie. Rudi na kichwa kinachouma, rudi umeachwa na timu, rudi katikati ya msimu. Humu ndani hakuna atakayekuuliza kama ulishinda.

Lakini kama ni yale macho yangu, ngoja nikuambie nilichofanya sasa hivi. Niliweka kalamu nikafungua mlango wako taratibu. Umelala na nguo zako, mguu mmoja uko sakafuni, mdomo wazi. Nimesimama pale nikakutazama kwa macho yale yale ya Houston, na hukuwa umempiga mtu yeyote.

Baba yako,
Gaudens Komba